Skrini Mpya za Bi Mkubwa

Nyumba ya Ngazi za Chuma,
Nyuma ya Karakana ya Nyavu,
Bandarini.

Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Kile kifua chako kimepona? Ulisema baridi ya huko inakuingia mpaka mifupani. Vaa zile soksi alizokufumia Mama, usione aibu. Ndani ya viatu nani atakuchungulia? Na yule binti yako, Bi Maswali, bado hajaishiwa maswali? Mwambie shangazi yake anajua majibu yote, ila anayatunza mpaka aje kuyachukua mwenyewe.

Sisi huku tunapumua. Mama hajambo isipokuwa magoti. Anayalaumu magoti, kisha anazilaumu ngazi, kisha anamlaumu Baba aliyezijenga. Mimi sijambo, ingawa mikono bado inanuka dizeli hata niioshe kwa sabuni ya aina gani. Mvua imenyesha wiki nzima na paa la jikoni linavuja palepale unapopajua.

Kaka, umeniuliza mara mbili sasa kama Baba amezifurahia skrini ulizomtumia kwa ajili ya boti, na kwa nini hajakushukuru mwenyewe. Ukaomba na picha yake akiwa amekaa mbele ya skrini hizo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu Baba alinikataza kukueleza yaliyotokea, na mimi barua ya kuzungukazunguka sijui kuiandika. Basi ngoja niseme moja kwa moja, halafu nieleze. Macho ya Baba yamekwisha. Si nahodha tena wa boti yetu, Bi Mkubwa, wala hatakuwa tena. Kaa kitako kwanza, kisha uendelee kusoma.

Makasha yalifika salama, hakuna hata kona iliyobonyea. Baba aliyapapasa pale gatini kama mtu anayechagua tikiti maji, akatangazia kila aliyepita kwamba mwanawe amemletea Bi Mkubwa macho mapya. Mama naye akasema mke mwenziwe anapendwa kupita kiasi, maana ile boti ilimtangulia kuingia kwenye maisha ya Baba na yeye akaja kama mke wa pili. Unawajua hao wawili. Kila mtu alicheka, na Baba alicheka kuliko wote.

Fundi wa kuzifunga tulimpata hapahapa bandarini, yule mrefu tunayemwita Waya. Alipoifungua rada ya zamani, na kile kipima kina, na ile skrini ya ramani iliyopasuka pembeni, nyuma yake alikuta nyaya zilizofungwa kwa kila aina ya utepe: kazi ya mikono yangu, na yako, na ya mafundi ambao hata majina yao tumeshayasahau. Alitazama, akavua kofia, akasimama kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya msiba. Kisha akakata ubao upya, akapitisha nyaya mpya, akapanda mlingotini kufunga rada. Kazi yake ilikuwa safi na sina la kumlaumu.

Skrini zenyewe zikakaa mbele ya usukani, mbili, kila moja kubwa kama sinia. Moja ni ya ramani na rada kwa pamoja, nyingine ni ya kina na samaki. Hazina batani hata moja. Ni kioo kitupu, unagusa kwa kidole. Hazingurumi kama zile za zamani, wala hazitoi mlio ukizigusa. Ziwake, zizimwe, kimya ni kilekile. Mabaharia walijazana mlangoni kuzishangaa. Redio alitaka kujua kama zinaonyesha mpira. Unamkumbuka Redio, yule anayeshika zamu na Baba, asiyenyamaza hata akipiga mswaki.

Baba alipitisha kiganja juu ya kioo polepole, kutoka pembe hadi pembe. Nikadhani anastaajabu. Nikasema moyoni, laiti Kaka angekuwepo aone. Kumbe alikuwa anatafuta batani.

Waya akamuuliza anapenda ramani na rada zikae vipi kwenye skrini. Baba akamjibu, "Wewe ndiye fundi, fanya unavyoona." Baba huyu huyu anayechagua mwenyewe hata kamba ya kufungia ndoo! Nilimsikia nikiwa nimeinamia fyuzi, nikaendelea na fyuzi zangu.

Sasa nikukumbushe jambo ulilokuwa ukilichukia. Kwenye Bi Mkubwa, aliye zamu husimama mbele ya skrini na kusoma kwa sauti, na nahodha hushika usukani na kujibu. "Soma!" "Chombo mbele kushoto, maili tatu." "Nimesikia." "Kina kinapungua." "Nimesikia." Ulikuwa ukisema ni kama kurudishwa darasa la kwanza. Boti nyingine zilitucheka, kisha zikaiga. Mimi kila nilichokijua cha bahari nilikijulia pale. Nilikuwa natoka kwenye mashine grisi mpaka kwenye nyusi, na yeye anaita, "Grisi, panda usome!" Jina lenyewe lilitokea hapo, na sasa hata kwenye cheti kidogo waliandike.

Wakati wako lilikuwa somo kweli. Macho yake yalikuwa mazima na alitaka tujue. Lini liligeuka kuwa mkongojo wake, hajaniambia, na nimeacha kumuuliza.

Safari ya kwanza na skrini mpya tulitoka asubuhi, tukaelekea kusini, kule kwenye maji ya kina kirefu tunakotega mishipi. Mvua ikashuka, ile ya kuziba dirisha mpaka wipa haifui dafu. Baba alikuwa kwenye usukani, Redio mbele ya skrini akisoma, mimi chini kwenye mashine.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penyewe. Rada yetu ya zamani ilipangwa ili mbele ya boti iwe juu ya skrini siku zote. Kitu kikiwa kulia kwenye kioo, kiko kulia kwako. Waya aliiacha mpya kama ilivyotoka kiwandani, yaani kaskazini ndiyo juu. Basi mkielekea kusini, boti yenu kwenye kioo inatazama chini, na kila kitu kinageuka: cha kulia kwenye kioo kiko kushoto kwenu. Boti nyingi zimepangwa hivyo na hakuna anayekufa. Nahodha anatupia jicho, anaona ule mshale wa boti yake umeelekea chini, anazoea au anageuza. Ila huyo nahodha awe anaona.

Redio hakuwa amezoea. Alisoma alivyofundishwa miaka yote. Chombo kulia, kinakuja. Baba akajibu, "Nimesikia," akakata usukani kushoto ili akikwepe. Na chombo chenyewe kilikuwa kushoto.

Kule chini nilihisi boti inapinda. Njia yetu ilikuwa imenyooka, nikapanda kuuliza kulikoni. Nikatupa jicho kwenye skrini. Mshale wetu ulikuwa ukitazama chini, na alama kubwa ilikuwa karibu kugusa pua yetu. Nikapiga kelele, "Baba, kulia! Kulia yote!" Na Baba, Kaka, akiwa amesimama hapo hapo mbele ya kioo kinachowaka kama taa, hakugeuza hata kichwa kukitazama. Aliniuliza, "Kulia ipi?"

Nilimsukuma. Ndiyo, nilimpiga baba yangu kikumbo, nikaushika usukani nikaukata kulia, nikapunguza mafuta. Meli ya mizigo ikapita kushoto kwetu. Niliona ukuta wa chuma wenye kutu, nikasikia maji yanavyochapa ubavuni mwake, kisha honi ambayo meno yangu yaliisikia kabla ya masikio. Wimbi lake likamlaza Bi Mkubwa akaenda mrama, na masufuria yote ya mpishi yakamwagika chini.

Hata Redio alinyamaza, na hilo peke yake lilitosha kunitisha.

Baba alikuwa ameshika kile chuma cha dirishani kwa mikono miwili. Nilimtazama, yeye akatazama karibu na mimi, si mimi. Hapo ndipo nilipoelewa, lakini nilitaka nikosee. Nikamwambia, "Baba, soma." Mimi, mtoto wake, nikamwambia baba yangu asome. Akaugeuza uso kwenye skrini. Midomo ikacheza kidogo. Kisha akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini sana, "Shika wewe, Grisi," akapapasa benchi la nyuma na kuketi.

Nililia nikiwa nimeshika usukani, siwezi kukuficha. Redio alikuwa akinisomea, naye analia, na kila alichosoma nilikuwa nakiona mwenyewe, lakini sikuwa na moyo wa kumnyamazisha. Tukageuza boti tukarudi gatini bila hata samaki mmoja.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alikwenda bila kubisha, jambo ambalo halijawahi kutokea. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekufa siku nyingi. La kulia limebakiwa na kidogo cha katikati tu, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hicho nacho ni ukungu. Nikauliza habari ya upasuaji. Nikauliza kama akiletwa huko kwako kuna lolote. Akanijibu kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi, na matone aliyotuandikia ni ya kulinda kile kilichobaki. Hakuweza kusema kitadumu mpaka lini.

Tulipotoka pale tulikaa kwenye ngazi za hospitali, ndipo Baba akanieleza alivyokuwa akifanya. Zile skrini za zamani alizijua kwa vidole. Kila batani ilikuwa na mahali pake na mlio wake, akibonyeza alijua rada inatazama mbali au karibu. Gati alilijua kwa sauti ya maji kwenye nguzo. Mashine aliijua kwa miguu, kupitia sakafu. Yaliyobaki tulimsomea sisi. Kwenye vioo vyako vidole vyake havikushika kitu. Alifikiri atazoea.

Mama alijua. Aliniambia bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. Alianza kumshuku pale alipoacha kulalamika kwamba chumvi imemwagika mezani, maana alikuwa haioni. Baba alimsihi asiseme, na yeye aliogopa kwamba mumewe akishushwa kwenye boti atasinyaa humu ndani na kufa kwa huzuni. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Nilichukua upande wa pili wa ungo tukachambua wote.

Kaka, nilikasirika, na bado nina hasira. Redio ana watoto wadogo. Mpishi ndiye anayemlea mama yake mgonjwa. Wote walimkabidhi Baba roho zao, na yeye akawachukua baharini akiwa gizani kwa sababu hakuweza kutamka neno moja. Nimemwambia hivyo hivyo, usoni. Hakubisha. Alisema nina haki. Ningeona afadhali angenigombeza.

Kuwaambia mabaharia alitaka afanye mwenyewe. Walikusanyika sitahani, akasimama ameegemea winchi, akasema yote bila kujitetea, akawaomba radhi mmoja mmoja kwa majina. Kila aliyeitwa alimsogelea akamshika mkono, maana walishaelewa kwamba wao ndio wa kumfuata. Kisha akasema nahodha tangu leo ni Grisi, mwenye neno aseme. Mpishi akasema wao siku nyingi walikuwa wanangoja tu amalize kunisomesha. Ndipo nilipokumbuka Baba alivyonishikia bango nikafanye mtihani wa unahodha, mimi niliyetaka kubaki na mashine zangu. Nilidhani ni ukali wake tu.

Basi sasa nimekaa kwenye kile kiti. Jambo la kwanza nililofanya ni kugeuza ramani, mbele ya boti ikawa juu, kama Baba alivyokuwa akitaka. Na skrini zako, Kaka, ni nzuri mno. Naona mawingu ya mvua yakija kabla hayajafika, naona samaki walivyopangana chini, naona hata maboya ya watu wengine. Tumeshatoka mara kadhaa na tumerudi na mzigo wa kuridhisha.

Lakini kuna kitu sijamwambia mtu. Redio akienda kunywa chai nikabaki peke yangu mle ndani, najikuta nasoma kwa sauti. Chombo mbele kulia. Kina kinapungua. Halafu nasubiri, na hakuna anayesema, "Nimesikia."

Baba hukaa juu kwenye ngazi, ameegemea ukuta. Ile rada ya zamani alimwomba Waya asiitupe, ameipakata magotini na vidole vinatembea juu ya batani. Boti zikirudi anazitambua kwa mashine. Mama anasema tukikaribia sisi huwa anainuka kabla hatujaonekana, anaingia ndani kuvaa shati safi.

Najua ulivyo, utashika tama na kusema ni skrini zako. Usithubutu. Kama si hizo tungeendelea vilevile, yeye anabonyeza na sisi tunasoma, mpaka siku ya kwenda chini wote. Zawadi yako ndiyo iliyotuokoa na mimi nitakuambia hivyo kila siku ukitaka.

Ila yeye hataki ujue. Hilo ndilo alilonikatazia. Alisema, "Mwanangu ametoka jasho ugenini kunitafutia kitu kizuri, asije akasikia kwamba kilifika nikiwa sina macho ya kukitazama." Mimi nimechoka na siri za nyumba hii, karibu zituzamishe, ndiyo maana nimekuandikia. Na kuna sababu nyingine. Lile tundu la ufunguo bado lipo. Ukija, ukamsogelea karibu kabisa, usoni, mbele ya jicho la kulia, atakuona. Sitaki uje kuambiwa kwamba umechelewa. Omba likizo, Kaka. Omba ya wiki, omba ya siku mbili, lakini njoo.

Nifikishie salamu kwa wifi, mwambie kile kitambaa cha meza kimemfanya Mama aringe mtaa mzima. Wasalimie watoto wote wawili, Bi Maswali na mdogo wake. Shangazi mkubwa anakusalimu na anauliza lini utamletea miwani, usimjibu. Redio anakusalimu kwa maneno mengi ambayo karatasi haitoshi. Mama anakuombea uzima na riziki ya halali, na Mungu akulinde huko uliko mpaka akurudishe mlangoni kwetu.

Mwisho ni ile picha. Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Baba aliposikia umeiomba alifurahi, akataka ipigwe haraka. Mama akampigia pasi shati jeupe, akamvisha ile kofia ya unahodha. Boti tulikuwa tumeipandisha nchi kavu ipakwe rangi, na betri zote nilikuwa nimezitoa. Alinishika bega tukapanda. Akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha mgongo, akaweka kidole juu ya kioo.

Akaniuliza, "Zinang'aa?"

Nikamwambia, "Zinang'aa, Baba."

"Basi piga. Mwambie kaka yako naziona vizuri sana."

Ukiitazama utaona skrini zote mbili ni nyeusi tititi. Najua nilichosema juu ya siri, lakini hii moja mwachie mpaka ufike. Umjibu upesi, mwandikie kwamba zinavyong'aa zimekupendeza. Mimi ndiye nitakayemsomea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Grisi